Mluzi wa Banshan

WARAKA WA 14 KWA WANA-ERIONG
Laitumkhrah, Shillong
12 Aprili 1995

Wapenzi, wakorofi na wapiga kelele wangu,

Khublei! Mmenisumbua kwa barua mpaka postamasta kaniuliza kama nimefungua ofisi ya kutafutia watu wachumba. Haya, jimiminieni chai nyekundu, mkae, niwape habari za Eriong, bendi yenu.

Kaseti kwanza, maana ndiyo mnayonililia. Nyimbo saba tayari, mbili bado. Zingekuwa tayari zote tisa, ila mwimbaji wetu Teibor alikula barafu ya sharubati huku akijua fika ana koo la kitoto, akakaa wiki nzima anaongea kwa mikono. Lam, mpiga ngoma, ametupatia gari la bendi. Ni kuukuu, mlango wa nyuma unafungwa kwa kamba, naye anaapa kwamba injini ni nzima. Nililipanda mara moja, nikashuka nimeokoka. Bah Kyrmen, meneja, anasema litatufikisha Jowai mwezi wa tano, Nongstoin wa sita na Tura wa saba, mvua zikitaka.

Sasa sikilizeni vizuri, hili ni agizo. Mnaujua wimbo wa "Niite", ule ambao Banshan anauanza kwa mluzi kabla hajagusa gitaa. Kuanzia sasa taa zikizimwa ukumbini, sitaki makofi wala kuita majina. Pigeni mluzi ule. Ni sauti sita: tatu zinapanda, ya nne inakaa, mbili zinashuka. Banshan hatatoka mpaka ausikie, na amenipa ruhusa mwenyewe, kwa hiyo msiniletee maswali. Ndiyo salamu yetu pia. Ukimwona mtu sokoni Iewduh amevaa shati la Eriong, lile jeusi lenye radi nyeupe kifuani, mpigie. Asipojibu, shati ameiba.

Wale msioleta stempu za majibu, nawajua kwa majina na kwa mitaa.

Katibu wenu mwenye mdomo,
Daphisha Nongrum
(na mhuri wa bendi, msije mkasema waraka ni bandia)


Khatarshnong
3 Mei 1995

Kwa Kong Daphisha,

Khublei. Hatujaonana. Mimi ni Ibadahun, mdogo wake Banshan, kitinda mimba wa nyumba hii na mwalimu wa darasa la pili hapa kijijini. Binti wa jirani anayesoma Shillong amerudi likizo na waraka wako, na njia nzima amekuja akiupiga huo mluzi.

Kong, dada yangu, ule si mluzi. Ni jina lake. Huku kwetu mama akijifungua humtungia mwanawe sauti, isiyofanana na ya mtu mwingine yeyote. "Banshan" ni la shuleni na la kanisani. Msituni hatuitani kwa majina hayo, kwa sababu huko kuna wasikilizaji tusiowataka. Tunaitana kwa sauti. Ukiitwa kwa sauti yako lazima ugeuke, hata uwe umenuna vipi. Na mtu akifa, sauti yake inazikwa naye. Haiitwi tena na yeyote.

Mama hakugomba. Baadaye aliniuliza jambo moja tu: hao watu wote wakimwita kwa pamoja, mtoto atageukia wapi?

Tafadhali muulize kaka kama kweli ametoa ruhusa. Na mwambie msimu wa kukata nyasi za mifagio umekwisha bila yeye kuonekana, na Mjomba amemsema sana.

Wako,
Ibadahun


Shillong
16 Mei 1995

Mwalimu Ibadahun,

Umenigombeza kwa adabu mpaka nikajikuta nimesimama! Kakako nilimuuliza hapa hapa dukani kwangu, alikuwa anakula wali wa nyama, jadoh, juu ya meza yangu ya taipureta, mafuta yote kwenye stensili za kuchapia waraka. Akacheka. Akasema sauti ni yake, atampa amtakaye. Nikamwambia, "Dada yako anasema si wewe uliyeitunga." Hapo akaacha kutafuna.

Lakini Iba, niruhusu nikuite hivyo, laiti ungemwona Jowai. Taa zimezimwa, watu mia tano wanaipiga ile sauti, naye anatoka machozi yanamtiririka kama mtoto aliyepatikana. Kwenye mji huu alikaa miaka sita akiitwa "wewe wa kijijini". Nani angemnyima kitu hicho? Mwambie Mama hakuna mwenye nia mbaya. Tunampenda, ndiyo kosa letu. Mwenyewe yuko hapa, ameng'ang'ania kalamu, nampisha.

"Iba, usinichongee kwa Mama. Nitakuja mvua za Julai zikipungua, nimpigie magoti nimwombe radhi, na usicheke ukiniona. Aniwekee asali. B."

Wako,
Daphi


Khatarshnong
2 Agosti 1995

Kong Daphi,

Asante kwa kuja kumzika. Najua ulitembea saa tatu na nusu kutoka barabarani kwenye mvua ile, ukarudi siku hiyo hiyo.

Mama bado hajalia. Tangu gari lilipotumbukia korongoni mpaka alipopatikana mtoni zilikuwa siku nne, na siku zote nne Mama alisimama kilimani akimwita. Siku ya tano Mjomba akaja na jeneza limekwisha kupigiliwa misumari. Alimtambua kwa shati la bendi. Mama alimwomba mara tatu lifunguliwe, akakataa mara tatu, nami nadhani alifanya vema, maana mto ule hauna huruma.

Ulipokuwa umeshaondoka, kaburi likiwa limefunikwa, Mama aliimba sauti ya Banshan yote, ile ndefu ambayo mama peke yake ndiye anayeijua mpaka mwisho. Aliimba mara moja. Kisha akasema, "Basi." Tangu hapo haijasikika tena kijijini. Hata watoto wangu wa darasa la pili wanajua.

Nina ombi moja tu. Waandikie watu wenu kwamba amekufa, na wasiupige tena ule mluzi, popote walipo. Wanakusikiliza wewe. Mama ameweka chini mzigo huo kwa shida, na akiisikia sauti ile tena sijui kama ataweza kuuweka chini mara ya pili.

Iba


WARAKA WA 15 KWA WANA-ERIONG
Shillong
21 Agosti 1995

Wapenzi wangu,

Najua mmeogopa. Nimepokea barua themanini na tatu, nyingine zina alama za machozi.

Ni kweli gari la bendi lilipata ajali tukirudi kutoka Tura. Lam amevunjika mfupa wa bega. Mengine gazeti limetia chumvi, na hao wanaosema mitaani kwamba Banshan hayupo tena, waambieni wafunge midomo. Banshan ameumia mguu. Yuko kijijini kwa mama yake, Khatarshnong, anakula samaki wa mto na asali, ananenepa. Daktari amesema atulie huko mpaka Novemba, kaseti itakapotoka. Hana nguvu za kujibu barua, kwa hiyo msimwandikie.

Waraka ni mfupi, mtanisamehe. Stensili zimeniishia.

Daphisha Nongrum, Katibu
(mhuri)


Shillong
24 Agosti 1995

Iba mpenzi,

Ombi lako nimelitimiza. Wameambiwa, na wamelia sana. Usihangaike tena na jambo hilo.

Nakutumia sabuni na kitambaa cha kijani cha Mama cha kichwani. Mwambie ninamkumbuka.

Daphi


Jowai
9 Oktoba 1995

Kong Daphi,

Ni mimi Ribhalin Passah, mwanachama namba 207, yule mwanafunzi wa uuguzi anayesahau stempu. Usinigombeze, tumefanya jambo bila kukuuliza. Ulisema tusimwandikie Banshan, hukusema tusiende!

Tulikuwa watano, wote na mashati yetu ya Eriong, na tulimbebea machungwa na nyuzi mpya za gitaa. Zile ngazi za mawe, Kong, tumeshuka mpaka magoti yakawa yanacheza yenyewe. Alasiri tukafika kwenye ukingo wa juu, tukayaona mapaa ya kijiji. Tukasema tusiingie kimya kimya kama wadai. Tumwite kama ukumbini. Tukapiga mluzi, sote kwa pamoja, mara tatu.

Kulikuwa na mtu anapasua kuni, akaacha. Halafu huko chini sauti ya mwanamke ikatujibu. Ni ule ule mluzi wetu, lakini yeye aliuimba, na hakuishia pale tunapoishia sisi, aliendelea na kuendelea. Sijapata kusikia kitu kizuri namna ile, nikalia pale pale. Mara tukamwona anapanda mteremko mbio, miguu mitupu, popoo aliyokuwa anaimenya bado iko mkononi. Akatutazama mashati, mmoja mmoja. Kisha akatazama nyuma yetu.

"Yuko wapi?" akasema.

Tukadhani anatutania. Nikamwambia, "Mama, si yuko kwako? Tumekuja kumwona, mguu umepona?" Nikatoa waraka wako nikamsomea. Akaniambia nirudie. Nilirudia mara nne. Akanishika uso kwa mikono yote miwili, akasema, "Nilijua. Nilijua."

Alituingiza nyumbani, akapakua wali sahani sita. Tano zetu, ya sita akaiweka karibu na moto, na juu yake samaki mkubwa kuliko wetu. Tukangoja aje. Mama alikuwa anacheka peke yake, anatuuliza mjini analala wapi, anakula nini. Wali ukapoa. Halafu dada yake Banshan akarudi kutoka shuleni. Alisimama mlangoni, akayaona mashati, akaiona sahani ya sita, akatutimua, Kong! Alitusukuma mgongoni kwa mikono yake mwenyewe. Wazee wawili wakatusindikiza mpaka juu, hawakutuambia neno.

Tumekosa nini? Banshan ametukasirikia? Mbona hakutoka hata mlangoni?

Wako mwenye huzuni,
Ribhalin


Khatarshnong
11 Oktoba 1995

Kwa Katibu wa Eriong,

Waraka wako wa 15 umefika nyumbani kwetu. Uko kwa Mama. Ameukunja ndani ya shuka yake ya miraba anayoifunga begani, na usiku anaulalia.

Uliniandikia kwamba wameambiwa. Nilikuamini. Nilisimama kanisani nikamshukuru Mungu kwa ajili yako, kwa sauti, jina lako nikalitaja.

Nimemwambia Mama ule ni uongo. Akaniuliza, "Wewe uliuona uso wake?" Sikuuona. Akaenda kwa Mjomba, akamuuliza mbele ya mkewe na wanawe: "Uliona uso au uliona shati?" Mjomba, mtu mzima, akainamisha kichwa. Akasema mto ulikuwa umeshachukua uso, aliona shati. Mama akasema, "Juzi nimeona mashati matano mlangoni pangu, na yote yalikuwa yanapumua. Mlinizikia shati."

Sasa anapanda kilimani kila siku, kabla ya chai na baada ya kazi, na anamwita. Hapa kwetu hajatokea mtu wa kumwita aliyezikwa. Majirani huwaingiza watoto ndani akianza. Mchungaji amekuja, ameongea, amekwenda zake. Hali chakula mpaka ampakulie Banshan kwanza, na chakula chake akikuta hakijaguswa anasema mguu bado, siku mguu ukipona atasikia.

Nina hasira na wewe ambazo sijui niziweke wapi. Lakini radhi yako haitanisaidia kitu. Nataka karatasi. Iandike kama ile, kwa mashine ile ile, weka mhuri ule ule na sahihi ile ile, useme amekufa. Siku hizi katika nyumba hii mimi siaminiwi, Mjomba haaminiwi, mchungaji haaminiwi. Unaaminiwa wewe.

Ibadahun


Shillong
20 Oktoba 1995

Iba,

Karatasi uliyoitaka iko ndani ya bahasha hii. Zilizobaki mia tatu na kumi nimezipeleka posta leo kwa mkono wangu.

Bah Kyrmen alituambia tungoje kaseti itoke ndipo tutangaze. Ningeweza kumtupia yeye yote, na nilikwisha kuanza kufanya hivyo kwenye barua mbili nilizochana. Nisimsingizie. Nilikaa mbele ya taipureta siku tatu. Nikapiga "Banshan", basi, vidole havikwenda mbele. Nikasema niandike sentensi moja ambayo ndani yake bado anakula, anapumua, na mama yake anamgombeza. Nilipoiandika nikaiamini kwa muda wa chai moja. Hiyo ndiyo faida niliyoipata, Iba, na wewe ndiye unayeilipia. Nilimpenda. Hakujua. Nilikuwa nangoja mvua zipungue, mjinga mimi, nimwambie.

Niruhusu nije nimwambie Mama kwa kinywa changu.

Daphi

WARAKA WA 16, NA WA MWISHO, KWA WANA-ERIONG

Banshan alikufa tarehe 14 Julai 1995, gari la bendi lilipoanguka korongoni. Amezikwa kijijini kwao, na mimi nilikuwepo. Waraka wa 15 ulikuwa wa uongo. Niliutunga mimi, na hakuna aliyenishika mkono.

Mluzi niliowafundisha lilikuwa jina lake alilopewa na mama yake. Kwa desturi yao jina hilo limezikwa naye. Msilipige tena. Msilipige bafuni, wala njiani, wala kwenye kaseti ikianza. Mkiwasikia wengine, wanyamazisheni. Msiende kijijini. Kwa Ribhalin na wenzake wanne: ninyi hamkukosa kitu.

Mashati yavueni.

Daphisha Nongrum
(mhuri)


Khatarshnong
6 Novemba 1995

Kong Daphi,

Bahasha ilichelewa, barabara ilikuwa imekatika. Nilimsomea Mama waraka wa 16 juzi, baada ya chakula. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

Akauliza, "Aliyeandika huu ndiye aliyeandika ule?"

Nikasema ndiye.

"Mhuri ni ule ule?"

Nikasema ni ule ule. Akautoa ule wa kwanza begani, akaitandaza yote miwili mkekani, akaipapasa kwa kidole. Mama hajui hata herufi moja. Akasema, "Basi mmoja ni wa uongo, na mwenyewe amekiri kwamba huongopa. Mimi nitachagua." Akaukunja wa 15 akaurudisha mahali pake. Asubuhi nilimkuta anawasha moto wa chai kwa ule wako wa kweli.

Usije. Nilimweleza kwamba unataka kuja, akafurahi, akafagia uwanja. Anasema lazima unamleta. Ukitokea peke yako sijui atakufanyia nini, au atajifanyia nini.

Nilikuwa nimeapa kutokuandikia tena, lakini kuna jambo siwezi kulisema hapa kwa mtu yeyote. Kwa kuita mvuani kila siku sauti ya Mama imekauka. Jana alasiri nilimfuata kilimani na mwavuli wa mianzi nimrudishe. Alifungua mdomo ukatoka upepo tu. Akanigeukia, akanishika mkono, akaniomba kwa kunong'ona nimsaidie. Nikamwambia, "Mama, siwezi, unajua siwezi." Akaomba tena. Maji yalikuwa yanamchuruzika usoni, na alikuwa ananitazama kama mimi ndiye mkubwa wake.

Nimemwita, Kong Daphi. Ile ndefu siijui, kwa hiyo nilipiga mluzi. Sauti sita. Tatu zinapanda, ya nne inakaa, mbili zinashuka, kama ulivyowafundisha.

Ibadahun